Maji Yakijaa, Pomboo Wakionekana

Wakati, mahali, namna, sababu, kusudi, matokeo, sharti, mlinganisho, na ile ya mwisho ambayo mwalimu wetu aliiita ya kukubali shingo upande. Hiyo ndiyo orodha ya vishazi vielezi vya Kiingereza kama tulivyoikariri sisi wanafunzi wa Kwale, na kama nilivyokuja kuiandika mwenyewe ubaoni kwa miaka mingi katika shule moja ya sekondari upande wa Msambweni. Kushoto aina, kulia viunganishi vyake: "when" na "until" hapa, "because" na "since" pale, "if" na "unless" chini yake. Mwanafunzi aliyeikariri alifaulu, na alipofaulu aliisahau.

Sina ugomvi na orodha hiyo. Ni sahihi, na mtu anayeanza kujifunza lugha ya wengine lazima aanzie mahali. Ila kuna jambo ambalo haikutuambia, nami nikalijua nje ya darasa. Katika karatasi za Kiingereza zinazomfikia mtu wa Pwani, ziwe barua za kazi, barua za shamba au hati za kortini, kitenzi kwa kawaida huwa na habari njema. Utaitwa. Utalipwa. Utapewa. Shari hukaa pembeni, ndani ya kielezi cha neno moja, au ndani ya kishazi kilichotangulizwa mwanzoni mwa sentensi ambacho msomaji hukivuka haraka ili akifikie kitenzi.

Nianze na mtihani, maana kwetu sarufi ya Kiingereza iliishi huko. Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina sehemu ya sarufi ya alama 15, na humo hukosi swali la kumtaka mtahiniwa aandike upya sentensi bila kubadilisha maana, akianza na neno alilopewa. Watunzi wa mitihani wanavipenda vielezi vya kukanusha: "hardly", "scarcely", "no sooner", "never". Ukianza sentensi na kielezi cha namna hiyo, Kiingereza kinapinduka. Kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya kiima kama ilivyo katika swali, ingawa hakuna kinachoulizwa. "Hardly had the bell rung when the pupils ran out." Kengele haijamaliza kulia, wanafunzi hao, wako nje.

Wanafunzi wangu waliipenda mno hila hii, kwa kuwa ilikuwa na kanuni na kanuni haikuwa na mzaha. Ukiwapa "no sooner" walikurudishia "than" bila kupepesa macho. Ukiwapa "hardly" walikurudishia "when". Nilikuwa nao watoto waliotoka Gazi na Funzi, nyumbani wakisema Kidigo au Kiswahili, wasiosikia Kiingereza isipokuwa darasani na redioni, na katika swali hilo waliwashinda wenzao wa mjini. Mtu anapata nini kwa kuipindua sentensi, na kwa nini asiiache ilivyo? Hilo hakuna aliyeliuliza. Mtihani nao haukuliuliza.

Jibu lilinijia kwa barua, na barua hiyo ina chanzo chake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Wiki zilizofuata zilikuwa za mauaji, za nyumba na vibanda kuchomwa, za watu wa bara kukimbia na mabunda yao kichwani. Hayo yalichunguzwa baadaye na tume ya Jaji Akiwumi, na waliofiwa wanayasimulia vizuri kuliko mimi. Kwa ukanda wa Diani yalileta kimya. Kampuni za Ulaya zilizokuwa zikileta watalii kwa ndege za kukodi ziliwapeleka kwingine, mabawa mazima ya hoteli yakafungwa, na barua zikaanza kutolewa.

Moja ililetwa kwangu na jirani yetu, mhudumu wa mezani katika hoteli ya ufuoni, mtu mzima aliyenizidi umri kwa mbali. Alikuja baada ya Magharibi. Alikuwa ameshasomewa barua hiyo na mpwa wake wa kidato cha pili na, kwa maneno yake, alikuja kwangu kupata uhakika tu. Ilikuwa barua ya aya mbili fupi. Ya kwanza ilianza na "Regrettably". Ya pili ilisema kwamba kazi yake imesimamishwa "temporarily", kisha ikamalizia: "Should business improve, you will be recalled."

Mpwa aliisoma "should" kama tulivyomfundisha sisi walimu wake, yaani neno la wajibu. Mtoto inampasa kuwaheshimu wazazi. Dereva inampasa kufunga mkanda. Kwa hiyo alimfasiria mjomba wake hivi: biashara inapasa iimarike, nawe utaitwa. Mzee akatulia. Hoteli kubwa ikikuambia kwa maandishi, kwa mhuri na sahihi, kwamba inapasa iimarike, utadhani kuna mtu amekaa mahali akapanga.

"Mzee," nikamwambia, "hapa hawakusema itaimarika."

"Wamesema nini basi?"

"Wamesema ikiimarika."

Aliichukua barua akaitazama, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha menyu. "Na isipoimarika?"

"Hapo hawakusema kitu."

"Mwalimu, karatasi yote hii, hapo hawakusema kitu?"

Kisarufi, jambo lenyewe ni dogo. "Should business improve" ni "if business improves" iliyovuliwa kiunganishi. Ondoa "if", tanguliza kitenzi kisaidizi, na sharti linabaki pale pale ila halina bango tena. Ni upinduaji ule ule wa "hardly had", na ndugu zake wawili, "had" na "were", hufanya vivyo hivyo kwa mambo ambayo hayakutokea au hayatarajiwi. Katika orodha yangu ya ubaoni, sharti lilitambulika kwa "if" na "unless" upande wa kulia. Kijana aliyefundishwa kuliwinda sharti kwa alama hizo alipita juu yake bila kuliona, naye hakuwa mjinga.

Waandishi wa barua za ofisi huniambia kwamba umbo hilo ni la adabu, halina ukali wa "if". Huenda. Mimi naona linapendwa pia kwa sababu linasikika kama ahadi hadi siku utakapoulizwa.

"Temporarily" nayo ilikuwa na bei yake. Kwa muda, tutasema. Muda gani? Kielezi hicho hakina kikomo ndani yake. Kinasema tu kwamba kikomo kipo, halafu kinanyamaza. Na katika mambo ya kazi ukimya huo una pesa. Mfanyakazi aliyepunguzwa ana la kudai: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri atoe notisi na amlipe anayepunguzwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioumaliza kazini. Aliyeambiwa asubiri, anasubiri. Sheria hiyo haikuwa imetungwa jirani yangu alipoletewa barua, ila tofauti kati ya watu hao wawili ilikuwapo tayari, na kwenye karatasi ile kilichowatenganisha ni kielezi kimoja.

Yule mzee alisubiri. Aliuza dafu pale Ukunda, kila mwezi akienda getini kuuliza, na askari wa geti akimjibu bado. Alikataa kazi aliyopewa Mombasa kwa sababu angeitwa asingekuwapo. Hoteli ile baadaye iliuzwa, na wenyewe wapya hawakuwa na habari ya barua yoyote.

Kuhusu "regrettably" nitasema machache. Kielezi hicho hakielezi kitenzi hata kidogo. Kinaelea juu ya sentensi nzima na kueleza moyo wa aliyeandika, au moyo anaotaka tudhani anao. Randolph Quirk na wenzake, katika kitabu chao kikubwa cha sarufi ya Kiingereza cha mwaka 1985, walivitenga vielezi vya namna hii katika kundi lao peke yao, na walifanya vizuri, kwa kuwa ukikiondoa hakuna kinachopungua katika taarifa. Jaribu: mzee bado hana kazi. Ofisi za Kenya zina kipenzi kingine, "kindly". Kindly submit, kindly vacate. Ni amri iliyopakwa asali, na asiyeizoea huchukua muda kutambua kwamba haombwi.

Baada ya mwaka ule nilianza kufundisha jioni, katika chumba cha kukodi Ukunda, si mbali na uwanja mdogo wa ndege. Walikuja waendesha mashua, wauza safari wa ufuoni, wahudumu wa hoteli, na mama mmoja aliyekuwa akisuka nywele za wageni. Wengi walikuwa na Kijerumani na Kiitaliano walichookota mchangani, chenye kasi na lafudhi nzuri kabisa. Kiingereza chao kilikuwa hivyo hivyo: maneno tele, viungio haba. Hawa huwezi kuwaandikia aina tisa za vishazi ubaoni. Watakutazama kwa heshima, na kesho hawaji.

Nikaanza na -ki-.

Mswahili ana kiambishi hiki kidogo ambacho hufanya kazi ambayo Kiingereza kimewagawia watu wawili. Maji yakijaa tutaondoka. Ukiwaona pomboo, usiruke majini. Kidigo nacho kina -chi- yake mahali pale pale. Hatumlazimishi msemaji aseme kama jambo lina hakika au halina. Msikilizaji anajua ulimwengu ulivyo, ataamua mwenyewe. Tukitaka kubana tuna -po-, tunasema maji yatakapojaa, ila katika mazungumzo ya kila siku -ki- hututosha. Kiingereza hakikubali. Lazima uchague "if" au "when" kabla hujafungua kinywa kusema kingine chochote, na ukishachagua umeshatoa ushahidi.

Mfano ulikuwa mbele ya macho yao. Watu wa Diani na Shimoni wanaishi kwa saa ya maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, ikichelewa kama dakika 50 kila siku kuliko jana, na mashua ya ufuoni haiwezi kuelea kabla ya saa yake. Kwa hiyo mwendesha mashua humwambia mgeni asubuhi: "If the water comes, we go." Mgeni hushtuka. Huyu nahodha, anamaanisha leo bahari huenda isije? Nimesikia mgeni akiuliza kama kuna tatizo na bahari.

Upande wa pili ni pomboo. Safari za kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti huondoka Shimoni, na wanaoziuza Diani huziuza kwa pomboo kuliko kwa samaki na matumbawe. Muuzaji humwambia mgeni: "When you see the dolphins, you will take photo." Hana nia mbaya, kichwani mwake mna -ki- tu. Lakini kwa sikio la Mwingereza ameshaapa. Siku pomboo wasipotokea, mgeni hurudi na madai, na muuzaji huona ameonewa, kwa kuwa yeye hakuahidi mnyama wa porini, nani anaweza kuahidi mnyama wa porini?

Basi somo letu la kwanza la vishazi vielezi likawa hilo: maji ni "when", pomboo ni "if". Nilikuwa nikitaja jambo nao wanapiga kelele kulipanga. Jua kuchwa? Maji! Mvua ya masika? Hapo palizuka ubishi, wazee wakisema maji na vijana wakisema pomboo, na ubishi huo ulikuwa sarufi safi kuliko yote niliyowahi kufundisha. Mshahara wa mwisho wa mwezi? Pomboo, wakajibu kwa sauti moja, tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Kuna makosa ambayo ukiyachunguza huyaoni tena kuwa makosa, unaona lugha mbili zimegongana mlangoni. Wanafunzi wangu waliandika "before he has not arrived", na walimu wengi hukikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni "upuuzi". Si upuuzi. Sisi tunasema "kabla hajafika", na ukanushi huo una mantiki kamili: katika wakati unaozungumzwa, mtu huyo bado hajafika. Kiingereza hulitazama tendo lenyewe limekwisha na kuweka "before" mbele yake. Ukimweleza mwanafunzi hivyo anaelewa mara moja na harudii. Ukimwita mpuuzi, anarudia mpaka anazeeka. Vivyo hivyo "although" kufuatwa na "but" katika sentensi moja. Kwetu "ingawa ni maskini, lakini ana heshima" haimuudhi mtu. Kwa Kiingereza mojawapo lazima lishuke njiani.

Kwenye -ly tulipoteza jioni nyingi. Kanuni ya vitabuni inasema ongeza -ly kwenye kivumishi upate kielezi, na kanuni hiyo ni mtego, kwa kuwa maneno yanayoponyoka ndiyo hasa yanayotumika kila siku. Kijana mmoja alikwenda kwenye mahojiano ya kazi ya hotelini, akaulizwa ana sifa gani, akajibu kwa kujiamini: "I work hardly." Alikuwa amefuata kanuni barabara. "Hard" ni kivumishi, "work" ni kitenzi, kielezi kinahitaji -ly. Alichokisema ni kwamba kufanya kazi hafanyi, au karibu hafanyi. "Late" na "lately" ni hivyo hivyo: anayesema "I came lately" akidhani anaomba radhi kwa kuchelewa, anasema alikuja siku hizi hizi. Kisha "friendly", yenye -ly yake na wala si kielezi.

Kwa upande mwingine, sikuwahi kuwavunja moyo kwa "slowly by slowly". Wakenya wote husema hivyo, maprofesa wakiwemo, na chanzo chake wazi ni "polepole" yetu. Kiingereza cha Uingereza hakina uradidi wa namna hiyo, hakina pia utajiri wetu wa kulala fofofo, kuanguka pu, kulowa chapachapa, weupe wa pepepe na weusi wa tititi, ambamo kila kitenzi au rangi ina kielezi chake cha kuoa nacho. Wao huchukua "very" wakakiweka kila mahali. Niliwaambia wanafunzi kwamba wakimwandikia mwajiri waandike "slowly", na wakiongea na mgeni wa kawaida waseme watakavyo. Ataelewa, na atarudi kwao akiigiza.

Jambo moja zaidi la wakati huo, la neno "only". Wavuvi wa kituo fulani cha kuteremshia samaki, kusini ya Gazi, waliniomba niwaandikie tangazo la Kiingereza la kuweka penye bandari yao, kwa amri ya kamati ya BMU, yaani kikundi chao cha kusimamia ufuo. Kiswahili chake walikuwa nacho: wanachama tu waruhusiwa kuteremsha samaki hapa. Nikawauliza, kwa utani, kama wana hakika "tu" imekaa mahali pake. Wakanitazama. Bila shaka, "tu" hukaa nyuma ya kile inachokibana. Wanachama tu: wengine hapana. Samaki tu: mizigo mingine hapana. Hapa tu: ufuo mwingine hapana. Mvuvi asiyesoma hata darasa moja hakosei hilo. Kiingereza kina kanuni inayofanana na hiyo, ila wenyewe hawaishiki. Huiweka "only" karibu na kitenzi, ikaning'inia, na kila mwenye shauri lake akaivuta upande wake. Mtu mmoja katika kamati, ambaye mashua yake alikuwa akiikodisha kwa wageni kutoka Pemba, alitaka tuandike "members may only land fish here". Alisema inasikika vizuri zaidi. Wenzake walimwelewa haraka kuliko mimi.

Mwezi Agosti 2010 Kenya ilipata katiba mpya, na kwa mara ya kwanza Kiswahili kiliandikwa humo kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Nilichukua nakala nikaisoma kama mwalimu wa sarufi anavyosoma, yaani kwa kutafuta vishazi. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kuhesabiwa hana hatia hadi kinyume chake kithibitishwe. Toa kishazi cha "hadi" na haki hiyo ama itakuwa kinga ya milele kwa mwizi, ama haitakuwapo. Uzito wote wa mashtaka ya jinai nchini umebebwa na kishazi kielezi cha wakati. Ibara hiyo hiyo inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Sheria ya Ajira niliyoitaja ina kitu kama hicho katika kifungu cha 9: mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba wake, mwajiri lazima ahakikishe ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Jirani yangu, angekuwa kazini leo, angekuwa na mahali pa kushika, ingawa kwa barua kama ile, isiyo mkataba, sijui hakimu angesemaje.

Kisha nikafika ibara ya 259. Inasema kwamba ikitokea maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza ya katiba hiyo yakahitilafiana, ya Kiingereza ndiyo yatashika. Nimewasomea wanafunzi ibara hiyo mara nyingi, na kila darasa huwa na mtu wa kukasirika. Nami huwaomba wakisha kukasirika waitazame sentensi ilivyojengwa: sharti limetangulia, uamuzi umefuata, na sharti lenyewe limeandikwa kwa "if" ya wazi, haikufichwa mahali. Naam, tunajua tumesimama wapi.

Sarufi ya barua ilirudi mwaka 2020. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25 ya mwezi huo huo, na kuanzia tarehe 8 Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi. Diani ilikuwa na kimya kikubwa kuliko cha 1997, maana safari hii hata sisi wenyewe tulikuwa ndani. Mbega walishuka wakaketi juu ya viti vya mabwawa ya kuogelea.

Mwanafunzi wangu wa zamani wa jioni, binti aliyeanza kwa kupokea simu, sasa yumo katika ofisi ya rasilimali watu ya hoteli moja. Alinipigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mko salama?"

"Salama. Mwalimu, nina barua ya wafanyakazi, meneja anaitaka leo. Naomba uniangalilie Kiingereza."

Aliituma kwa WhatsApp. Ilikuwa barua nzuri, fupi, na katikati yake ilikaa sentensi niliyoijua: likizo bila malipo "until further notice", na "should the situation improve" mtaitwa. Nilimpigia nikamwuliza aliitoa wapi. Akasema ndivyo barua zilivyo, alikuta faili. Kisha akaniuliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo: kama aibadilishe "should" aandike "if flights resume", au aandike "when flights resume". Hakutaka kuwatisha watu kwa "if", hakutaka kuwadanganya kwa "when".

"Ndege ni maji," nikamwambia. "Zitarudi. Kuitwa kwao kazini ndiyo pomboo."

Alicheka kidogo, kisha akasema ataigawa sentensi mara mbili, "when" kwa ndege na "if" kwa kazi, kila mtu aone mwenyewe palipo na hakika na pasipo. Nikamwuliza kuhusu "until further notice". Tukaizungumza kwa muda, kwa kuwa hapo ndipo mtu wa nyumbani anapokwama: hajui lini atakuwa na haki ya kuacha kusubiri. Mwishowe aliandika kwamba likizo ni hadi tarehe 30 Juni, na kwamba siku hiyo hoteli itawaandikia tena, hata kama haitakuwa na jipya la kuwaambia.

Meneja alikifuta kishazi cha mwisho. Tarehe aliiacha.